Nchi Yenye Kijani Kile

Mlango wa gari ulikuwa umepakwa rangi nyeupe vizuri sana, isipokuwa pale katikati. Pale katikati puti ya kijivu, ile ya kusawazishia bodi, ilibaki wazi, na kingo zake hazikuwa za ovyo ovyo. Zilikuwa safi, za mtu aliyezunguka kitu kwa makusudi ili asikiguse. Ukirudi nyuma hatua chache uliona mabega. Ukirudi tena uliona kichwa kilichoinama, na nywele zilizofungwa kisogoni.

Mwenye gereji aliniita mimi, si Mama, kwa sababu Mama angelia na mimi ningefoka, na yeye alitaka mtu wa kufoka. Basi nikafoka. Nilimwuliza mdogo wangu, mbele ya mafundi wenzake walioshika misasa wakijidai wana kazi, kama amelewa au ameamua kutuaibisha akiwa na akili zake timamu. Hakukasirika. Alikuwa bado ameshika bomba la kupulizia rangi, barakoa imening'inia kidevuni.

"Sikutaka kumrushia rangi, Dada," alisema.

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Si kasimama hapo?"

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na mlango ulioegemezwa kwenye pipa, na kivuli cha bati, na mimi. Nilimshika mkono nikampeleka nyumbani, na mafundi wakatupisha kama tunavyopishwa tukiwa na maiti.

Gereji nzima ilimwita Kopo, na hata sisi nyumbani tulishasahau kumwita jina lake. Mafundi wengine hupatanisha rangi kwa vitabu vya vipande vya rangi. Yeye aliitazama gari iliyokwaruzwa, akaingia stoo, akachanganya hiki na kile, akatoka na kopo moja, na mwenye gari alirudi akapapasa bodi yake asijue kidonda kilikuwa wapi. Macho yale ndiyo yaliyokuwa ajira yake, elimu yake na majivuno yake. Mimi nilikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti, na nikimaliza kuchapa picha nilimpa aangalie. "Umempauza huyu," angesema. "Mtu wa watu ana wekundu shavuni, wewe umempa sura ya unga." Na kweli nilikuwa nimempauza.

Daktari wa macho alikuwa dada mmoja kijana, mwenye kusema upesi. Alimwegemeza kidevu kwenye mashine yake, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza. Kisha akatueleza. Macho yote mawili yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Tundu litatanuka, polepole au haraka, hajui, mpaka lifike ukingoni. Kilichokwenda hakirudi. Kwa sasa pembeni bado anaona, ajifunze kutazama kwa pembeni.

"Na yule mwanamke?" nikauliza, maana Kopo alikuwa anaona haya.

Daktari hakucheka. "Si wazimu, na wala si jini. Ubongo umezoea kuletewa picha. Ukikosa, unachora wenyewe. Wapo wanaoona maua, wapo wanaoona ukuta wa matofali. Yeye amepata mtu."

"Kasimama kwenye ngazi zilizolowa," Kopo alisema, kwa sauti ya kumwelekeza mteja. "Ukuta una ukungu wa kijani. Gauni lake ni rangi ya kutu, kutu iliyonyeshewa. Nilichotaka kukuuliza ni hiki, daktari. Atageuka lini?"

Daktari akaacha kuandika. "Anageuka?"

"Mwanzoni nilimwona kisogo. Siku hizi namwona sikio. Jana nimeona na ncha ya shavu."

Kwa kila kitu kingine yule dada alikuwa na jibu. Kwa hilo alituambia turudi mwezi ujao. Tulipokuwa tunatoka aliniita kando ya mlango akasema kama kuna kitu mdogo wangu anatamani kukiona, tusikiweke kesho.

Kilikuwepo. Nilikijua kabla hata sijamwuliza.

Tulipokuwa wadogo sebuleni kwetu palitundikwa kalenda ya picha za Asia ya Kusini-Mashariki, hata sijui nani alituletea. Mwaka wake ulikwisha, kalenda ikabaki, kwa sababu Kopo alilia ilipoguswa. Alikuwa na ukurasa wake mmoja: shamba la mpunga mchanga likishuka mlimani kwa matuta, kijani ambacho hatukuwahi kukiona popote, wala kwenye majani wala kwenye manyoya ya ndege. Mama, ambaye hakuwahi kuona karatasi nzuri akaiacha bure, aliukata ukurasa ule chini kidogo atandike droo ya vijiko, na kwenye kile kipande kilichokatwa ndiko lilikokuwa jina la nchi. Kisha tulihama nyumba na kalenda ikapotea. Ukubwani Kopo alijaribu kuchanganya kile kijani. Nimewahi kuona ukuta wa stoo ya gereji umejaa madoa ya kijani, na yeye amesimama mbele yake amekunja uso. "Bado," alisema. "Kinakwepa."

Basi alichotaka ni kwenda kukiona. Na mimi nilichotaka, kwa nguvu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, ni kwamba kitu cha mwisho kuingia katika macho yale kiwe kijani kile, wala si mwanamke tusiyemjua kwenye ngazi za kuteleza. Studio ningeweza kuifunga wiki moja. Akiba yetu ilikuwa ya safari moja. Nchi ilikuwa moja, na tulikuwa hatuijui.

Mama alilichukua jambo hili kwa namna yake. Alianza kushusha sauti akiingia sebuleni, kama nyumba ina mgeni aliyelala.

"Mwulize anataka nini," alimwambia Kopo.

"Haongei, Mama."

"Basi ana adabu kuliko ninyi. Ila mtu gani anaingia nyumba ya watu bila hodi?" Kisha, baada ya kufikiri: "Hafanani na marehemu dada yangu? Yeye alipenda nguo za rangi ya kutu."

"Sijamwona uso, Mama."

"Akigeuka, uniambie." Na akaenda jikoni, akajipiga kifua kidogo kwa kiganja, akidhani hatumwoni.

Kwetu, tangu utoto, ugomvi wowote ulimalizwa kwa kanuni moja ya Mama: mmoja akate, mwingine achague. Ukiukata mkate, mwenzako ndiye anayechagua kipande, na huna ruhusa ya kununa. Tumewaozesha wajomba kwa kanuni hiyo, tumegawana vyumba kwa kanuni hiyo. Kwa hiyo haikuhitaji mjadala. Mimi ningekata nchi, Kopo angechagua katika zilizobaki.

Nilikata bila huruma. Singapore kwanza, maana mpunga watalima wapi huko, kwenye lifti? Brunei, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniletea picha yake. Malesia alikwishakwenda binamu yetu na hajanyamaza mpaka leo. Tailandi kila mtu anakwenda, na sikutaka mdogo wangu akazibwe na visogo vya watalii. Myanmar kulikuwa na vita. Indonesia, Timor na Ufilipino ni visiwa juu ya visiwa, na mimi nitakuwa nimemshika mtu asiyeona anapokanyaga. Kambodia niliikata kwa sababu ya ngazi. Kila picha niliyoifungua ilikuwa na mahekalu ya mawe yenye ngazi, na ngazi sikuzitaka. Zikabaki Vietnam na Laos. Nikakusanya picha za mashamba ya mpunga ya nchi zote mbili, nikaziweka kwenye kompyuta ya studio, na siku moja, kabla ya adhuhuri, mwanga ukiwa mzuri, nikamketisha Kopo kwenye kiti cha wateja.

Alikaa karibu mno, pua inagusa kioo.

"Vietnam," nikasema.

"Yupo hapa."

Nikadhani tumepata, tumemaliza. Nikafungua nyingine. "Hii ni Laos."

"Yupo hapa pia."

Nikarudi Vietnam. Yupo. Nikabadilisha upesi upesi, bonde, mlima, ng'ombe mtoni. Yupo, yupo, yupo. Mwishowe, kwa hasira tu, nikamfungulia picha ya bibi harusi mmoja mteja wangu, ameketi na maua yake.

"Yupo," alisema Kopo. "Kasimama mbele ya mtu."

Nilicheka, kile kicheko cha kujificha. Yeye akageuza kichwa anitafute kwa pembeni ya jicho. "Dada, mimi si mjinga. Najua hayumo kwenye picha. Yumo humu." Akagusa paji la uso. "Mimi naangalia kijani kilichomzunguka. Yeye mwache. Wewe leta mashamba."

Nilileta mashamba. Katikati ya hayo akaingia mteja, mama mmoja aliyetaka picha ya pasipoti na mwenye haraka, kama wote wanaotaka picha za pasipoti. Nikampeleka upande wa pili wa pazia, nikamkalisha, nikamnyoosha shingo, nikampiga picha. Nikarudi kuchukua picha kwenye mashine.

Kopo alikuwa vilevile nilivyomwacha, ameinamia kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi. Kompyuta ile ilikuwa na tabia ya kulala ikikaa bila kuguswa, na ilikuwa imelala. Katika ule weusi niliuona uso wa mdogo wangu, na midomo yake ikicheza.

"Hii," alisema kwa kunong'ona. "Dada, uko hapo? Hii ndiyo. Ndicho chenyewe. Umeona umande bado uko juu? Umeona kilivyo kwenye kingo za matuta?" Alikuwa anatabasamu. Sijapata kumwona na furaha ile, wala alipopata kazi, wala zamani zile alipokuwa na mchumba. Aliinua kidole akafuata mistari juu ya kioo kitupu, polepole, na kidole hakikusitasita. Nakiri kwamba niliinama nikaangalia, kwa macho yangu mazima mawili, nihakikishe hakuna kitu pale.

"Nchi gani hii?" akauliza.

Nyuma ya pazia yule mteja akapaza sauti, "Mpiga picha, masikio lazima yaonekane?"

"Lazima," nikamjibu. Na kwa Kopo nikasema, "Laos."

Kama kuna anayetaka kunihukumu, na aanze. Mimi nilikata, yeye akachagua, na picha ya mwisho kabla kompyuta haijalala ilikuwa ya Laos. Ningemwambia nini? Kwamba amechagua giza? Mtu amekwisha kufurahi, unamnyang'anya? Sijuti, na nikiulizwa tena leo nitajibu vilevile. Ila tangu siku ile mteja akija kupiga picha ya pasipoti ya kwanza, amevaa nguo mpya, najikuta namwuliza nani amemchagulia anakokwenda. Wengi hucheka. Wachache hunitazama tu, na hao nawapiga picha upesi.

Mama alitusindikiza mpaka mlangoni. Alinitengeneza kola, akamtengeneza Kopo kola, kisha mkono wake ukabaki hewani kidogo kando ya bega la Kopo, kama kuna kola ya tatu. Akaurudisha. "Muende salama wote," alisema. Ndani ya ndege, baada ya taa kupunguzwa na watu kujifunika, Kopo aliniambia, "Siku ile studioni ulichelewa kujibu."

"Nilikuwa na mteja."

"Sawa," akasema, na akalala, au akafumba macho.

Tulifikia mji mdogo kando ya mto wa rangi ya chai ya maziwa, nyumba ya wageni ya ghorofa moja, sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa maneno machache, na kwa kuwa maneno yake hatukuyajua na yetu hakuyajua, tulielewana sana. Niliangalia kwanza vitu vya kumwangusha mtu: vizingiti, ndoo, paka. Ngazi niliziona nje, nyuma ya nyumba, zikiteremka mtoni. Nikajiambia huko hatutakwenda.

Siku iliyofuata dereva alitupeleka mashambani. Mpunga ulikuwa mchanga. Mimi nilipoliona shamba lile kutoka dirishani nilishika mdomo, kwa sababu ilikuwa kalenda. Yalikuwa matuta yale, mteremko ule, na sijui hata leo kama ni shamba lenyewe au nchi zile zote zina shamba moja. Nilimshusha Kopo nikamsimamisha kwenye ukingo, matope yakatuingia viatuni.

"Tazama kwa pembeni," nikamwambia. "Daktari alisema."

Akageuza kichwa upande, akakiinamisha, kama kuku anavyotazama punje kabla ya kuidonoa. Akatulia. Akageuza upande wa pili. Upepo ukapita juu ya mpunga, na nikajua ameona ukipita, kwa sababu shingo yake iliufuata.

"Kina manjano zaidi," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nazidisha bluu. Ona sasa. Kumbe ni manjano!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na mimi nikalia pia, tena kwa sauti, sikujali dereva. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, ndoa ambayo nayo haikudumu. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, na alinieleza kijani kile kwa makopo: hiki sehemu kubwa, hiki kidogo, hiki tone tu, usizidishe. Nilidhani tumeshinda. Nilidhani sasa na aje huyo mwanamke, amechelewa.

Siku zilizofuata Kopo alikaa kimya, kimya cha mtu aliyeshiba. Aliniuliza mara nyingi kama kumekucha. Nilijibu ndiyo, kumekucha, au bado, na sikuuliza swali lililokuwa nyuma ya swali lake.

Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kuacha. Alisema anataka kunawa uso mtoni kabla hatujaenda uwanja wa ndege. Nilitafuta sababu ya kukataa, na mimi sikosi sababu, lakini asubuhi ile nilikosa. Nilimshusha ngazi kwa ngazi nikiwa mbele yake, nikitazama miguu tu. Alinawa. Alikaa amechutama, maji yanamtiririka kidevuni. Kisha tukageuka kupanda, na ndipo nikainua macho.

Ngazi zilikuwa zimelowa. Ukuta ulikuwa na ukungu wa kijani kuanzia chini hadi juu. Hapakuwa na mtu. Nilihesabu sababu zote za kuwapo kwa ukuta wenye ukungu kando ya mto, na zote zilikuwa na maana, na bado nikaanza kuzihesabu upya.

"Twende," alisema Kopo. Akaachia kiwiko changu, akapita, akaanza kupanda peke yake. Alikanyaga pale pale pa kukanyaga. Hakupapasa. Alipofika karibu na katikati, mimi nyuma yake kwa ngazi moja, akasimama, akasogea kando, akaegemeza mgongo ukutani na kuvuta tumbo ndani, vile tunavyompisha mtu aliyebeba mzigo.

"Amegeuka, Dada," alisema.

"Unaniona mimi?"

Aligeuza kichwa kwa pembeni, upande huu, kisha upande ule. Alichukua muda wake. "Sikuoni."

"Mto je? Ukuta?"

"Namwona yeye tu." Sauti yake haikuwa na hofu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumvuta nimrudishe mtoni, shambani, kwenye kiti cha studio, kwenye sebule yenye kalenda. Mbele yangu maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ngazi moja hadi nyingine. Mdogo wangu alikuwa ameshikilia ukuta kwa viganja vyote viwili na uso wake umeelekea mahali pamoja, mahali ambapo mimi nilikuwa nimesimama katikati ya njia.

Nikasogea. Nikaegemeza mgongo wangu ukutani, ubaridi ukapenya kwenye blauzi, na gunia zima la ukali wangu likaisha.

"Ni mtu mzima?" nikauliza.

"Mtu mzima. Rika la Mama."

"Ana sura gani?"

Akafikiri. "Ya mtu aliyechoka kusimama," alisema.

Nikainamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo," nikasema.

Mto ulikuwa unapita chini yetu. Mkono wa Kopo ukaja ukipapasa ukutani mpaka ukapata bega langu.

"Ameitikia," alisema, na tukaendelea kupanda.